Mtendaji wa kata ana mabosi wangapi?

Ukizisoma sheria zetu ukiwa umetulia mezani, uhusiano wa halmashauri na serikali kuu hauna utata wowote. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 145 na 146, inazitambua serikali za mitaa na kutamka kwamba kazi yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria mbili za mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya na ile ya mamlaka za miji, zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Wananchi wanatangaziwa rasimu na kutoa maoni, baraza la madiwani linapitisha, mkoa unapitia, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaridhia, kisha inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba yake. Kijiji kina njia fupi zaidi: mkutano mkuu wa kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Na kama kuna mtu bado ana shaka nani mkubwa, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inamaliza ubishi. Sheria ndogo ikipingana na sheria iliyotungwa na Bunge, ni batili kwa kiasi kile inachopingana.

(Hapa nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya serikali za mitaa ya mwaka 2014, na mambo yake yanataka makala yake.)

Kwa hiyo wanaolalamika kwamba shida yetu ni sheria kugongana, naona wanachimba mahali pasipo na maji. Makaratasi yamepangwa vizuri. Kinachogongana ni amri, na zinagongania mikononi mwa mtu mmoja ambaye hatumtaji sana kwenye mijadala ya madaraka: mtendaji wa kata.

Huyu ni mwajiriwa wa halmashauri. Likizo yake, uhamisho wake na barua yake ya onyo vyote vinatoka ofisi ya mkurugenzi, na mkurugenzi mwenyewe ni mteule wa Rais. Kwenye kamati ya maendeleo ya kata, mwenyekiti ni diwani aliyepigiwa kura, mtendaji ni katibu. Hadi hapo tayari ana mabosi wawili wasiotokana na chanzo kimoja. Sasa ongeza mkondo wa tatu: afisa tarafa, na juu yake mkuu wa wilaya, ambaye Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa uwezo wa kuagiza mtu awekwe ndani hadi saa 48. Sheria ile imeweka masharti ya lini uwezo huo utumike, na mawaziri wa TAMISEMI, wizara inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, wamelazimika zaidi ya mara moja kuwakumbusha wakuu wa mikoa na wilaya kwamba masharti yale si mapambo. Ila mtendaji aliyesimama mbele ya mkuu wa wilaya kwenye mkutano wa hadhara hafikirii masharti. Anafikiria saa 48.

Ndiyo maana ukitaka kujua sheria ndogo inavyofanya kazi kweli, usianzie kwenye Gazeti la Serikali. Anzia mtaani, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Usafi wa Jumamosi hiyo ulizaliwa na uamuzi wa juu kabisa. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima. Baada ya hapo ikawa desturi ya kitaifa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yakitakiwa kubaki yamefungwa hadi saa nne asubuhi hivi. Wazo ni zuri. Miji yetu ilikuwa imefikia mahali pa kuona haya. Lakini mchukulie mama lishe aliyefagia mbele ya kibanda chake tangu alfajiri, akamwagia maji vumbi, na saa mbili na nusu akaanza kuuza chai. Mgambo wanafika na kumwambia amevunja sheria. Sheria ipi?

Agizo la kitaifa halina kifungu cha adhabu ndani yake, ni agizo. Faini inatoka kwenye sheria ndogo ya usafi wa mazingira ya halmashauri husika. Pale ambapo halmashauri ilirekebisha sheria yake ndogo na kuandika wazi kwamba biashara haifunguliwi kabla ya saa fulani siku ya usafi, mgambo ana mguu wa kusimamia. Pale ambapo haikufanya hivyo, kinachotumika ni kifungu cha jumla, kile cha mtu kushindwa kufanya usafi katika eneo lake. Na mama huyu eneo lake ni safi kuliko ofisi ya kata. Anaadhibiwa kwa uchafu ambao haupo, ili kutekeleza amri ya muda wa kufungua biashara ambayo haijaandikwa. Amri imetoka juu na adhabu imeazimwa chini, na katikati hakuna aliyejali kama vinaungana.

Akilipa, pengine atalipa kwa utaratibu wa kufifilisha kosa. Sheria ndogo nyingi zina kifungu hicho: mtu anakiri kosa kwa maandishi, anatozwa kiasi fulani, na jambo halifiki mahakama ya mwanzo. Ni utaratibu wa maana, unamwokolea muuza chai siku nzima ya kukaa kwenye benchi akisubiri kesi iitwe. Ubaya wake ni kwamba karibu hakuna sheria ndogo inayojaribiwa mbele ya hakimu. Anayeona ameonewa anaweka sahihi ili awahi kurudi kwenye sufuria zake, na kile kifungu cha jumla kinaendelea kuishi kana kwamba kimewahi kushinda kesi.

Mfano wa wamachinga ni mkubwa zaidi, na unaonyesha kitu kingine. Desemba 2018 Rais Magufuli alizindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kwa kimoja, kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi milioni 4. Viligawiwa kupitia wakuu wa mikoa, wakashusha kwa wakuu wa wilaya, hadi kwa watendaji. Aliyekuwa nacho hakutakiwa kubughudhiwa. Wakati huohuo, kwenye makabati ya halmashauri zilikuwepo sheria ndogo za ushuru wa meza na magenge, za maeneo yasiyoruhusiwa biashara, za hifadhi ya barabara za mitaa. Kuzindua vitambulisho hakukuzifuta. Zilinyamazishwa tu. Mkusanya ushuru aliyethubutu kumdai mwenye kitambulisho alijua anahatarisha kazi yake, ingawa kitabu chake cha stakabadhi kilikuwa halali kama kilivyokuwa wiki moja kabla.

Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza wamachinga wapangwe vizuri na wahamishiwe kwenye maeneo rasmi, bila fujo wala kupigana. Mwezi uliofuata mabanda yakaanza kubomolewa kando ya barabara za Dar es Salaam na miji mingine, na sheria ndogo zilizokuwa zimelala zikaamka. Sitaki kubishana hapa kama uamuzi wa 2018 au wa 2021 ndio ulikuwa sahihi. Kila mmoja ulikuwa na hoja zake, na barabara za watembea kwa miguu zilikuwa zimekwisha kabisa. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: muuza mitumba aliyekuwa na meza ileile, pembeni ya nguzo ileile, aliguswa na serikali kwa namna mbili zinazopingana ndani ya miaka mitatu, bila sheria ndogo ya halmashauri yake kuhitaji kubadilika hata herufi. Mtu wa namna hiyo hawezi kufundishwa kuheshimu sheria ndogo, kwa sababu amekwisha kuona kwamba si yenyewe inayoamua. Anachojifunza ni kusikiliza redio.

Na madiwani walikuwa wapi? Walikuwa vikaoni, wakipitisha bajeti yenye makadirio ya ushuru ambao mtendaji wao ameshaambiwa asiukusanye.

Hapo ndipo fedha inapoingia, na nadhani ndipo penye kiini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali kuu imekuwa ikiondoa au kuchukua vyanzo vya halmashauri kimoja baada ya kingine. Kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wetu waliijua kama kodi ya kichwa na kuikimbia porini, ilifutwa 2003. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato kwa Sheria ya Fedha ya 2016, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Barabara za mijini na vijijini zilikwenda TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara hizo, mwaka 2017. Ushuru wa mazao nao ulipunguzwa mwaka huohuo, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula.

Baadhi ya maamuzi haya nayaunga mkono bila kusita. Kodi ya kichwa ilikuwa aibu. Ushuru wa mazao wa asilimia 5 ulikuwa unamtoza mkulima kabla hajajua kama amepata faida. Lakini tazama kinachobaki mezani kwa mkurugenzi wa halmashauri isiyo na mgodi wala kiwanda cha kumlipa ushuru wa huduma: ada za taka, ushuru wa soko na stendi, leseni, vibali, na faini. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba hii imefupishwa mpaka imefika kwenye meza ya muuza nyanya. Askari mgambo hawapelekwi kunakovunjwa sheria zaidi, wanapelekwa kunakokusanyika zaidi. Sheria ndogo ya kelele, ya maji machafu yanayotiririshwa usiku, ya mifugo mjini, hizo kusimamia kwake ni gharama tupu. Kwa hiyo zinasubiri mpaka malalamiko yawe makubwa kiasi cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuingilia kwa kanuni za kitaifa na kufunga baa, halafu halmashauri inaonekana ilikuwa imelala, wakati kwa kweli ilikuwa bize sana sokoni.

Ngoja nikae kidogo kwenye ushuru wa mazao, kwa sababu ni pale kwenye geti la ushuru barabarani ambapo ngazi mbili za serikali zinakutana uso kwa uso juu ya gunia.

Pamoja na kupunguza viwango, uamuzi wa bajeti ya 2017 ulisema mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru. Sasa mkulima amekodi pikapu, amepakia magunia tisa ya mahindi. Gunia la kawaida ni kilo 100, kwa hiyo yeye kwa hesabu yake ana kilo 900, yuko salama. Lakini magunia yake ni lumbesa, yameshonewa kilemba juu, tuseme kila moja lina kilo 120. Hiyo ni kilo 1,080. Amevuka tani. Tena lumbesa yenyewe ni kosa chini ya sheria ya vipimo, ambayo ni sheria ya Bunge na ina wakala wake. Mkusanya ushuru wa geti hana mizani. Anahesabu magunia kwa macho.

Ana njia tatu. Anaweza kumpitisha kama mwenye magunia tisa, akafuata agizo la juu na kupoteza mapato ya halmashauri. Anaweza kumtoza kama mwenye zaidi ya tani moja, akafuata sheria lakini hana uthibitisho. Au anaweza kumwambia kwamba lumbesa ni kosa, amwite mtu wa vipimo, na gari likae hapo mpaka jioni. Njia ya tatu haina haja ya kutekelezwa. Kuitaja tu kunatosha. Mkulima anaelewa, na kinachofuata mara nyingi hakina stakabadhi. Rushwa ya getini kwa kawaida inaelezwa kama tabia mbaya ya mkusanyaji, na tabia mbaya ipo. Lakini hapa imejengewa nyumba na kanuni mbili nzuri, kila moja imetungwa na ofisi yake, na hakuna ofisi iliyomnunulia mtu wa geti mizani.

Kuna upande wa pili wa hoja hii na si haki kuuruka. Halmashauri zikiachwa peke yake si malaika. Vizuizi vya ushuru kila baada ya kilomita chache, tozo mbili kwa mzigo mmoja, faini zinazopangwa kwa kuangalia pengo la bajeti: yote hayo yametokea na yalitoka kwa madiwani tuliowapigia kura wenyewe. Waziri kuridhia sheria ndogo kabla haijaanza kutumika ni breki inayohitajika. Bunge nalo lina kamati ya sheria ndogo inayozichambua na kurudisha zenye kasoro, ingawa inazipata zikiwa zimeshachapishwa. Maana yake kati ya kuchapishwa na kasoro kuonekana kuna watu wamekwisha kutozwa.

Wala hatuhitaji kukisia ingekuwaje serikali kuu ikifanya kila kitu yenyewe, kwa sababu tulijaribu. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa jina la madaraka mikoani, na za miji zikafuata punde. Kufikia 1978 hali ya miji ilikuwa mbaya kiasi kwamba halmashauri za miji zilirudishwa haraka, na zile za wilaya zikarudi rasmi kwa sheria za 1982 zilizoanza kutekelezwa 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kusema kwamba kama angeanza upya, kuvunja serikali za mitaa ni moja ya mambo ambayo asingeyarudia. Si kawaida kwa kiongozi kusema hivyo akiwa bado madarakani.

Jirani zetu Kenya walichagua njia tofauti na inafaa kuitazama, bila kuiabudu. Katiba yao ya 2010 iliorodhesha kazi za kaunti katika jedwali la nne, na mabunge ya kaunti yanatunga sheria bila kungoja waziri aridhie. Ibara ya 191 inaeleza lini sheria ya taifa itashinda ya kaunti na lini haitashinda. Hata hivyo Februari 2020 kazi kadhaa za Kaunti ya Nairobi zilihamishiwa serikali ya kitaifa, na mchuuzi wa Nairobi hadi leo anakimbia kanjo, yaani askari wa kaunti, kama mwenzake wa Dar anavyokimbia mgambo. Tofauti ni kwamba uhamisho ule ulifanyika kwa makubaliano yaliyoandikwa, yakasainiwa, yakachapishwa, na watu wakaenda mahakamani kuyapinga. Kilikuwepo kitu cha kupinga. Tamko la jukwaani huwezi kulipeleka mahakamani; ukifika wanakuuliza liko wapi.

Ninachopendekeza hakihitaji katiba mpya. Waziri wa TAMISEMI tayari ndiye anayeridhia sheria ndogo, kwa hiyo serikali kuu ikitaka ushuru fulani usitozwe, njia ipo: sheria ndogo irekebishwe au ifutwe, na tangazo lichapishwe. Inachukua muda, najua, na kiongozi aliye jukwaani mbele ya wananchi wenye hasira hana muda. Basi atoe ahadi ya kurekebisha sheria, na mpaka itakaporekebishwa halmashauri ipewe maelekezo ya maandishi yenye tarehe ya mwisho. Maelekezo hayo yaende kwa mkurugenzi, ambaye ana mwanasheria ofisini, na si kwa mtendaji kupitia kipaza sauti. Na chanzo kinapoondolewa, barua hiyohiyo iseme pengo litajazwa na nini. La sivyo litajazwa na faini.

Kwa mama lishe yule, kuna jambo dogo zaidi linaloweza kuanza kesho. Fomu ya kukiri kosa na stakabadhi ya malipo viandikwe jina la sheria ndogo, namba ya tangazo lake kwenye Gazeti la Serikali, na kifungu kilichovunjwa, na mlipaji apewe nakala. Halmashauri sasa zinakusanya kwa mashine na kwa namba za malipo za serikali. Kuongeza mstari mmoja kwenye stakabadhi si mradi wa kutafutia wafadhili. Mgambo atakayetakiwa kujaza kifungu kabla ya kuchapisha risiti ataona mwenyewe, pale pale kibandani, kama agizo alilokuja nalo lina sheria nyuma yake au halina.